Hela ya dharura mnaiweka wapi ili isiliwe?

#1 Mpangaji_Kimara
Wakuu salaam. Kila ukigeuka unaambiwa weka akiba ya dharura, miezi mitatu mpaka sita ya matumizi yako. Sawa, tumesikia. Sasa mimi kipato changu cha kawaida, mke, watoto wawili, nimepanga huku Kimara, ukishatoa kodi, luku, nauli, ada na cha kumtumia bi mkubwa kijijini kinachobaki hata kukitaja ni aibu. Hoja yangu ni hii na naomba mnipinge kwa hoja: kwa watu wa kipato changu shida sio kuipata hiyo hela, laki moja laki mbili mtu unaipata tu kwa kudunduliza. Shida ni kuifanya ikae. Ikiwa kwenye simu inaliwa, ikiwa ndani inaombwa, ikiwa benki inakatwa katwa, ikiwa kwenye kikundi siku unayoitaka huipati. Nyie mnaiweka wapi? Hela ndogo tu, tuseme laki tatu mpaka tano, iwepo siku mtoto ameshikwa na homa saa nane usiku. Na msiniambie nikanunue kiwanja Chanika.

#2 BintiMsowero
Kibubu mkuu. Nenda kwa wale wachomeleaji mageti, mwambie akutengenezee cha bati, kisiwe na mlango wala kufuli, tundu la kuingizia noti tu. Ukitaka hela mpaka ukikate na tindo, na kelele zake mtaa mzima unajua. Hiyo aibu ndo ulinzi wenyewe.

#3 FundiSimu_Tegeta
#2 umenichekesha. Gheto tulikuwa na mwana mmoja alikuwa anavua noti kwenye kibubu cha mwenzake, anachukua kisu cha mezani, ncha anaibandika bigijii aliyoitafuna, anazamisha kwenye lile tundu taratibu anatoka na msimbazi. Mwenye kibubu anakitikisa kila wiki anasikia sarafu zinalia anajua mali ipo. Siku anakikata ndani kuna sarafu na vocha za zamani.

#4 BintiMsowero
Hahaha huyo wenu alikuwa jambazi, kibubu hakina kosa.

#5 MamaLishe_Buza
Mimi sina mambo mengi, ni VICOBA. Tunakutana kila Jumapili, unanunua hisa zako na pembeni kila mtu anatoa buku ya mfuko wa jamii. Huo mfuko wa jamii ndo wa dharura, hauchanganywi na hisa wala haukopeshwi kwa biashara. Ukiuguliwa au ukifiwa unapewa. Sasa mwanzisha uzi akisema kwenye kikundi huipati siku unayoitaka labda kikundi chake cha hovyo.

#6 Kiroboto_wa_Mbagala
Mama heshima yako ila ngoja nikusimulie. Cha kwetu tulikuwa na lile sanduku la chuma lenye makufuli matatu, funguo tatu kwa watu watatu tofauti, ili asitokee wa kuchota peke yake. Usalama mzuri kabisa. Usiku mmoja jirani yangu, mwanachama hai anayelipa kuliko hata mwenyekiti, mtoto wake akaanza degedege. Wakaenda kwa mtunza sanduku, sanduku lipo. Ufunguo wa kwanza upo, wa pili upo, wa tatu mwenyewe kaenda msibani Singida na kaondoka nao kwenye pochi. Basi watu wazima wamesimama na tochi ya simu wanalitazama sanduku, hela wanaijua ni ngapi, shilingi kwa shilingi imeandikwa kwenye daftari. Mtoto alipona alhamdulillah, ila nauli ya bajaji na cha kuanzia alikitoa muuza chipsi wa pale kona ambaye hata sio mwanachama.

#7 MamaLishe_Buza
Hayo ya sanduku ya zamani, siku hizi vikundi vingi vinaweka kwenye simu.

#8 Karani_Mstaafu
Naongezea kwa #7. Vodacom wana M-Koba tangu 2019, mnachanga kwenye akaunti ya kikundi, kila mwanachama anaona meseji hela ikiingia na ikitoka, viongozi wanaidhinisha kwa simu zao hata kama mmoja yuko Singida. Na hii habari ya vikundi watu wanadhani ni ya kwetu, chimbuko lake ni kina mama wa Niger, shirika la CARE lilianza nao 1991, ndo ikasambaa ikafika Zanzibar na kuvuka huku bara. Sheria ya huduma ndogo za fedha ya 2018 ikaja kuvitambua rasmi, kwa hiyo kikundi kisichosajiliwa siku hizi mnacheza na moto.

#9 Kiroboto_wa_Mbagala
Sawa mwalimu. Na mtandao ukiwa chini?

#10 Karani_Mstaafu
Basi muuza chipsi.

#11 NesiWaZamu
Nimesoma nikaona niseme kitu maana hizo saa nane za usiku mimi ndo niko mapokezi. Wakuu, watu wengi wanaokuja usiku kwetu hela wanayo. Hospitali za serikali siku hizi malipo mengi ni kontroo namba, unalipa kwa simu, noti hatushiki. Sasa anakuja mama kabeba mtoto, simu anayo ila hela iko kwenye laini ya mzee, mzee ni dereva wa lori yuko Tunduma, PIN anayo kichwani mwake na simu imezimika. Au laini iko hapa na PIN haijulikani. Mnabaki kubishana benki au kibubu wakati kitu kinachokwamisha ni kwamba hela inajulikana na mtu mmoja tu. Mimi nyumbani kwangu kuna laini ya akiba, iko kwenye kitochi, kiko kabatini na chaji, PIN tunaijua wawili. Na kuna elfu thelathini kwenye kitabu cha kliniki cha mtoto kwa ajili ya boda au bajaji, maana boda wa usiku hataki habari za kutumiwa.

#12 Mpangaji_Kimara
#11 umeongea kitu ambacho sikukiwaza kabisa. Ahsante dada.

#13 Baba_Mapacha
Mke ajue PIN?? 😂 Uzi huu unataka kuvunja ndoa za watu.

#14 NesiWaZamu
Baki na PIN yako kaka, tutakutana mapokezi.

#15 MtotoWaIlala
Naunga mkono #13. Siku mke akijua kuna laki tatu, hapo hapo shangazi yake anaanza kuumwa.

#16 MamaLishe_Buza
Na mume akijua anakumbuka kuna mechi ya watani wa jadi. Tusisingiziane.

#17 MwekezajiMdogo
Wakuu mnarudi nyuma sana, kibubu na sanduku tena? Wekeni UTT AMIS, mfuko wa Ukwasi. Unaanza na laki moja, unaongeza kuanzia elfu kumi, kuingia hakuna makato na kutoka hakuna makato, faida inaingia kila siku kwenye bei ya kipande. Unanunua kwa simu umekaa kitandani. Mimi yangu iko huko na siigusi kwa sababu sioni namba yake kila nikifungua simu kununua bando.

#18 Kiroboto_wa_Mbagala
Hii si ndo kama DECI? Panda mbegu uvune.

#19 MwekezajiMdogo
Hapana bwana. DECI walikuwa wanakuahidi mavuno makubwa kwa hela za wanaoingia nyuma yako, serikali ikaifunga 2009 na viongozi wake wakaishia mahakamani. UTT ni ya serikali, iko chini ya usimamizi wa mamlaka ya masoko ya mitaji, hela inakwenda kwenye amana za mabenki na hatifungani, na hawakuahidi mavuno ya mbegu. Tusichanganye mambo.

#20 BodaWaMwenge
Sawa, sasa niulize. Nikiomba kuitoa leo naipata leo?

#21 MwekezajiMdogo
Ndani ya siku tatu za kazi.

#22 BodaWaMwenge
Kwa hiyo mtoto akiugua Ijumaa usiku nimwambie asubiri Jumatano?

#23 MwekezajiMdogo
Unaweka kidogo kwenye simu cha kuanzia, huku UTT ndo unarudishia. Watu wa benki wanaita tabaka la kwanza na la pili.

#24 BodaWaMwenge
Mkuu mimi nikiwa na matabaka mawili ya hela sitakuwa naendesha boda 😂

#25 BodaWaMwenge
Ila tuongee ukweli, sisi vijiweni tuna mchezo. Kila siku unampa kijumbe elfu tano, tuko ishirini, kila siku mmoja anabeba laki. Watu wanaona ni wa kununulia godoro, ila kwa jicho langu mchezo ndo akiba ya dharura bora kuliko yote, kwa sababu namba zinabadilishana. Juzi juzi pikipiki ya mwana imenoki, pistoni imekula silinda, fundi anataka hela leo na bosi anataka hesabu yake leo, jamaa namba yake ilikuwa kule mwisho. Akaongea na kijumbe, mwenye zamu ya siku ile akampisha wakabadilishana, jioni chombo kiko barabarani. Hakuna riba, hakuna fomu, hakuna siku tatu za kazi. Wajanja kabisa wanaomba namba za nyuma makusudi, wanakaa na haki yao mkononi kama karata.

#26 FundiSimu_Tegeta
Na kijumbe akihamia Geita na mzigo?

#27 BodaWaMwenge
Kijumbe tunamjua mpaka kwao. Mama yake anauza maandazi hapo hapo kijiweni.

#28 Mfugaji_Kongwa
Nyie watu wa mjini mnahangaika. Mbuzi. Narudia, mbuzi. Hatoki na kisu chenye bigijii, hana PIN, hana makato, anazaa. Mke wangu anaumwa natoa dume moja, mwanangu kaitwa shule natoa dume moja. Mimi miaka yote hiyo sijawahi kufungua akaunti.

#29 Karani_Mstaafu
Mbuzi ni mali nzuri ila kama hela ya dharura ana kasoro moja kubwa, bei anayoipata mwenye haraka. Siku ya mnada ukiwa huna shida unatulia mpaka mnunuzi apande. Siku una mgonjwa mnunuzi anakusoma usoni tu. Tena ukame ukiingia kijiji kizima kinauza siku moja, na ndo siku zile zile ambazo kila mtu ana dharura.

#30 Mfugaji_Kongwa
Ndo uuze mapema sasa, mvua zikikataa unajua tangu Januari.

#31 Karani_Mstaafu
Ukijua mapema sio dharura tena mkuu.

#32 TichaWaMvomero
Hapo #31 ndo penyewe, na ndo maana nadhani uzi huu unajadili kitu kisicho na mipaka. Nusu ya vitu tunavyoviita dharura vinajulikana. Januari inakuja kila mwaka na ada, sare na madaftari yake, ila kila Januari tunashangaa. Michango ya harusi kila wikiendi kuna kadi. Hata msiba, samahani kwa kusema hivi, ukiwa na ukoo wa watu themanini nauli ya kwenda kuzika angalau mara moja kwa mwaka ni bajeti, sio ajali. Tukiviondoa hivyo vyote, dharura halisi zinabaki ugonjwa, kazi kuota mbawa, chombo kufa na moto. Mwanzisha uzi hela yake hailiwi na mke wala simu, inaliwa na Januari.

#33 Mpangaji_Kimara
Ticha unataka nifungue mafungu mangapi sasa, la Januari, la harusi, la msiba, la dharura? Hela yenyewe moja.

#34 TichaWaMvomero
Bahasha. Nne tu.

#35 MtotoWaIlala
Ya tano iwe ya kununulia bahasha.

#36 WanjikuMtaani
Hamjambo ndugu za Bongo, mimi nawasoma kutoka Nakuru. Huku kwetu wengi dharura ni Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa, tangu ije mwaka wa 2019 watu wameacha kuweka akiba kabisa, mtu anaishi kwa minus, mshahara ukiingia Fuliza inachukua yake kwanza. Mimi kilichonisaidia ni M-Shwari, akiba ya kwenye simu, ile ya kufunga, Lock. Unafunga kwa miezi fulani na ukitaka kuvunja kabla ya wakati wanakwambia subiri saa arobaini na nane. Hizo saa ndizo zinaokoa, hamu ya kununua kiatu huwa imeisha. Kwa hosi za usiku naweka kwa sacco na kwa shemeji, shemeji wangu ni mgumu kuliko benki.

#37 BodaWaMwenge
Karibu dada. Huyo shemeji anapokea wateja wapya?

#38 Kijana_Apu
Mimi niwe mkweli sioni haja ya kulaza laki tatu bila kazi. Zungusha hela kwenye biashara, dharura ikija kopa. Songesha ipo, mikopo ya simu ipo, dakika mbili hela imeingia.

#39 NesiWaZamu
Kaka hiyo mikopo ya dakika mbili nimeona inavyofanya. Mtu kakopa elfu hamsini kwenye apu ambayo hata ofisi haina, kuchelewa siku chache wakaanza kutuma meseji kwa majina yote yaliyomo kwenye simu yake, bosi, mchungaji, mama mkwe, kwamba fulani ni tapeli. BoT mwezi Novemba 2024 walitoa orodha ya apu 69 zisizo na leseni wakazipiga marufuku. Ukisikia mtu anasema dharura atakopa, muulize anakopa wapi.

#40 MamaLishe_Buza
Na kausha damu umeisahau. Wanakuja asubuhi na daftari unalipa kila siku, ukikosa wanabeba jiko la gesi, godoro, mpaka sufuria lenye mboga. Nimewaona kwa macho yangu kwa jirani, sufuria wamelimwaga mboga chini ndo wakalibeba.

#41 Kijana_Apu
Hao ni wahuni tu, mimi nazungumzia zenye leseni.

#42 Ustadh_Mikindani
Assalaam alaykum. Wenye leseni au wasio na leseni riba ni riba. Na huyo wa UTT asisahau kuna watu hela ya amana za benki hatuigusi. Kwa wanaojali hilo, Amana Bank ipo tangu 2011 na benki kadhaa zina dirisha la Kiislamu, unaweka hela yako inakaa salama bila riba. Mimi ya dharura iko huko, faida siitafuti, natafuta niikute.

#43 FundiSimu_Tegeta
Shehe na benki ikifa? Nasikia unalipwa milioni moja na nusu tu hata kama ulikuwa na milioni mia.

#44 Karani_Mstaafu
Hiyo ilikuwa zamani. Bodi ya Bima ya Amana ilipandisha kiwango 2023, sasa ni milioni saba na nusu kwa mteja kwa benki moja. Kwa laki tano za mwanzisha uzi alale usingizi.

#45 MwekezajiMdogo
Wakati mnaogopa benki kufa hamuogopi noti kufa. Mwaka 2025 BoT waliondoa noti za zamani, zile za kuanzia 1985 mpaka 2003, zikiwemo elfu tano na elfu kumi za toleo hilo, pamoja na noti ya mia tano ya 2010. Dirisha la kubadilisha lilikuwa Januari 6 mpaka Aprili 5. Kuna vibubu na magodoro huko vijijini mpaka leo vina noti ambazo ni karatasi.

#46 WanjikuMtaani
Sisi ilikuwa noti ya elfu ya zamani, 2019, mwisho tarehe 30 Septemba. Watu walitoa hela kwa magunia siku hizo, wengine mlijua ni maskini kumbe.

#47 BintiMsowero
Kibubu unakikata kila Desemba bwana, nani anakaa nacho tangu 1985.

#48 MtuKwao
Nimesoma yote, naona mmezunguka jambo moja. Kwenye ile hadithi ya #6 aliyetoa hela ni nani? Muuza chipsi. Kwa #25 ni nani? Mwenye zamu aliyempisha mwenzie. Kwa #36 shemeji. Hela ya dharura ya mtu mweusi ni watu. Mimi sikosi msiba mtaani kwangu, natoa elfu mbili mbili zangu, naandikwa kwenye daftari la rambirambi, siku likinikuta daftari linafunguliwa. Nyie mnaojifungia ndani na tabaka la kwanza na la pili mtakuja kuona nani atakuja kuwabebea mgonjwa.

#49 Baba_Mapacha
Hii mzee ni kweli nusu. Huku kwenye nyumba za kupanga unahama kila mwaka, daftari lako linabaki Mbezi wewe uko Bunju. Na mtaa wenyewe ukipigika unapigika wote, huyo muuza chipsi wakati wa korona alikuwa mwenyewe anatafuta wa kumkopa.

#50 TichaWaMvomero
Na hao watu ndo hao hao wanaokula akiba yako mkuu. Ukisema hela yako ni watu ujue watu nao hela yao ni wewe.

#51 MtuKwao
Ndo maana yake. Sasa shida iko wapi?

#52 NesiWaZamu
Mbona hakuna anayetaja bima? CHF iliyoboreshwa ilipoanza ilikuwa elfu thelathini kwa mwaka kaya ya watu sita mikoani, Dar laki moja na nusu, watu walikuwa wanaipita wanakwenda kununua vitenge. Na sheria ya bima ya afya kwa wote imepita 2023. Ukikata bima, ile dharura kubwa kuliko zote inapungua, laki tatu yako inabaki ya pikipiki na nauli.

#53 Kiroboto_wa_Mbagala
Bima unaenda unaambiwa dawa hii haimo, kanunue duka la nje. Hilo duka la nje ndo dharura yangu.

#54 NesiWaZamu
Hapo sikubishii 😔

#55 Mpangaji_Kimara
Wakuu nimerudi. Nimeongea na mama watoto jana, tumekubaliana laini moja PIN tunaijua wote na elfu ishirini ya cash ndani. Ila kikundi cha mtaani kwetu ndo kinaanza sasa hivi, wameniomba niwe katibu, nauliza usajili mnaanzia wapi?

#56 Karani_Mstaafu
Nenda kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, atakuelekeza na fomu za halmashauri. Mwende na katiba yenu na muhtasari wa kikao mliochagua viongozi.

#57 MamaLishe_Buza
Katiba ndo itawatoa jasho. Sisi kipengele cha faini ya kuchelewa kilitula Jumapili kadhaa tunabishana, tukapitisha buku mbili, na mpaka leo anayeongoza kwa kulipa ni mwenyekiti aliyeipendekeza.